Fomu ya Fardau

Fomu imekaa mezani tangu Jumatatu
chini ya kikombe, ina duara la kahawa
pale panapotakiwa sahihi ya mwenye mbwa.
Baukje wa chama amepiga simu mara tatu.
"Wamebaki wachache, Wytze," asema,
kama mtu anayehesabu mishumaa umeme ukikatika.
"Na wako ni mzuri. Mkia, manyoya, tabia.
Mwezi wa nne anatimiza mitano.
Ukingoja zaidi, basi."

Fardau hajui kwamba ni mzuri.
Anajua friji ikifunguliwa.
Anajua baiskeli ya Sjoukje kwenye kokoto
kabla mimi sijasikia kitu.
Sasa hivi amelalia soksi yangu,
mweusi kwa mweupe, nukta nukta miguuni
kana kwamba alipita karibu na fundi rangi.

Tumefanya yote tuliyoambiwa.
Leeuwarden walimlaza kwa sindano,
daktari akaitundika picha ya nyonga kwenye taa:
"Hii ya kushoto, safi. Hii ya kulia,
si mbaya. Si mbaya sana."
Nikaitazama mifupa ile, nikaona haya,
kama niliyefungua barua ya mtu.

Hiske, binti yetu, anataka mmoja.
Jirani Douwe anataka dume, la kuwindia fuko.
Dada yangu anataka "kama huyu, huyu huyu hasa."
Na mimi? Niseme kweli, maana ni usiku:
mimi sitaki watoto wa Fardau.
Nataka Fardau wa akiba.
Nataka, siku ile ikifika,
pawe na mkia wa kugonga kabati lile lile.
Lakini mtoto si nakala. Hiske ana pua yangu
na hanisikilizi hata kidogo.

Juma lililopita alikuja Roelof kutoka Drenthe
na dume lake, Tjalf, kifua kama mlango.
Tukatembea juu ya tuta la mfereji, upepo ukitupiga ubavuni.
Roelof alizungumza kwa asilimia:
babu wa tatu huku ndiye babu wa nne kule.
"Wote binamu," akacheka, "kama kijijini kwetu."
Mbwa wenyewe walinusana, wakachoshana,
wakaenda kula nyasi.
Nilimlipia kahawa. Nikamweleza mambo yote
ila moja.

Hilo moja limo kwenye droo, chini ya betri.
Barua ya mama mmoja wa Sneek, mwenye Oeds,
tumbo moja na Fardau, dakika kumi nyuma yake.
Kaandika kwa penseli:
*Ijumaa usiku alianguka jikoni,
miguu inakimbia na yeye haendi popote.
Daktari anasema kifafa. Wa kwako mzima?*
Wa kwangu mzima. Ndivyo nilivyomjibu
Novemba, kwenye kadi yenye picha ya barafu.

Mficha uchi hazai, husemwa.
Mimi nilificha ili azae.

Sjoukje ameshuka ngazi bila viatu.
Ameiona fomu, ameiona droo iko wazi.
Hakuuliza kwa nini sikumwambia.
Amesema tu, "Huenda wakawa wanane.
Wanane, Wytze, kila mmoja na jikoni lake,"
akaenda kuchemsha maji.

Saa mbili asubuhi nimempigia Baukje.
Nimemsomea barua yote, hata pale penseli ilipofifia.
Akanyamaza. Nikasikia mbwa wake wakigombania kitu.
Kisha: "Ungesema Novemba.
Kaka yao mwingine ana watoto tisa tangu Januari."

Tisa.
Sikuwa na la kumjibu. Nimeandika jina la mama wa Sneek
nyuma ya fomu, na namba, kwa herufi kubwa,
nitampa Baukje akija kuichukua.

Wazee wa huku husema jina la uzao huu
lilitokana na neno la kuomba: simama nami.
Fardau amesimama.
Si kwa ajili yangu. Nje kuna bata.