Bila Kitunguu

Tangu dawa ya pili, Syombua hakutaka harufu ya kitunguu.
Si kibichi, si cha kukaanga. Hata maganda.
Nikabeba kikapu kizima nikampa Mama Kisia wa chini,
kisha nikapanda ngazi mlango kwa mlango, kama mdaiwa:
"Jamani, mkikaanga, fungeni dirisha la upande wetu."
Wakafunga. Nilidhani Umoja nzima inakula chukuchuku kwa ajili yake.

Nilijifunza kijiko cha mbao, maana cha chuma
kilimwachia ladha ya sarafu mdomoni.
Uji wa wimbi: vijiko vitatu, na cha nne
tukibishana.
Alhamisi tulikaa Kenyatta na namba yetu, sitini na moja,
yeye na leso kichwani,
mimi na beseni ndani ya mfuko wa unga.
"Umekula?"
Ndiyo.
"Mwongo."
Nikanyamaza.

Leo daktari amesema turudi baada ya miezi mitatu.
Miezi mitatu! Tumekuja nyumbani bila kusemezana,
tukiogopa kuliamsha neno lenyewe.
Nikapakua supu. Akaonja. Akaweka kijiko chini.
"Musembi, supu gani hii? Kitunguu kiko wapi?"

Nilishuka ngazi mbilimbili.
Mama Kisia alinipa viwili, akafungua mdomo, akaufunga.

Sasa nimesimama jikoni na kisu.
Cha kwanza nimeshakata, nakata cha pili,
taratibu,
na hakuna wa kuniuliza nalilia nini.