Nungunungu

Banda la Mwakalobo, Tukuyu, kiingilio shilingi hamsini.
Mvua juu ya bati inaishinda spika,
na Gwakisa mfasiri anapayuka kwenye maiki
maana mvua ya kwetu haimngoji mtu amalize sentensi.

Msichana wa nchi ya theluji amejifungia bafuni
anaukagua mgongo wake kwa vioo viwili.
Kimechomoza kitu: cheusi, chembamba, ncha nyeupe.
Anakishika kwa koleo la baba yake.
Anavuta.

"Karogwa!" anasema Gwakisa. "Ndugu watazamaji,
huyu kala vya watu!"
Banda zima kicheko, maganda ya karanga yanaruka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
magoti yakiniuma usiku kama kuna mtu anayavuta,
jasho langu limebadili harufu bila kuniaga,
na tangu asubuhi tumbo linaninong'oneza
lugha nisiyoijua.

Shuleni miiba ikamtoboa sweta.
Jioni mama yake akamkalisha jikoni,
akaikata kwa mkasi, mmoja mmoja, bila neno.
"Anampunguza nywele," akasema Gwakisa.

Nikahisi benchi limelowa. Nikadhani bati linavuja.

Nilifunga sweta kiunoni, nikakimbia
kupitia migombani, matope mpaka magotini,
mdomoni nikisema karogwa, karogwa,
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Shangazi Tusekile aliacha ndizi alizokuwa akimenya.
Alichana kitenge kikuukuu, akakikunja mara tatu.
"Usicheze tena na wavulana," alisema. Basi.
Kumbe na yeye mfasiri,
na yeye aliruka maneno.

Mwisho wa ile filamu sikuuona.
Miaka ishirini baadaye nikamkuta Gwakisa stendi,
anauza vocha, sauti imemkauka.
Nikamuuliza: alipona?
"Ile? Mkanda uligoma katikati. Niliwatungia:
mganga akamng'oa yote, akaolewa."

Mimi nimemwachia miiba yake.
Nilimwona nungunungu kwenye viazi vya babu, Isongole,
mbwa watatu wamemzunguka, wanabweka kwa mbali.
Alipoondoka aliacha mwiba mmoja kwenye tuta.

Ndio huu ninaogawia nywele za binti yangu.
"Unachoma," analalamika.
Kidogo, namwambia. Tulia nikueleze.