Milo Saba, Tumbo Moja

Nilipiga mistari kwa rula, mimi Mghanga,
karani mstaafu wa chama cha ushirika Wundanyi:
safu nne, siku, saa, mlo, shilingi.
Siku mbili na nusu Mombasa, milo saba,
na tumbo moja, lile lile la miaka sitini na mitatu.

Niliuliza kila mtu.
Fundi cherehani alisema mahamri, ila yanukie iliki,
na mbaazi za tui zito, nisikubali la pili.
Daktari wa meno alisema nikae mbali na kachiri.
Shemeji Mwadime, aliyeishi Tononoka mwaka mmoja
na huu wa ishirini hajaacha kuusimulia,
alifumba macho, akasema: "Biriani. Kibokoni. Ijumaa."
Akameza mate. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nikaandika: Ijumaa, saa sita na nusu, biriani, mia saba.

Mke wangu Wakesho aliisoma ratiba akiwa wima,
kama asomaye bili ya maji.
"Na kiu umeipangia saa ngapi?"
Nikaongeza safu ya tano: madafu, maji ya ukwaju.
"Mtaka yote hukosa yote," akasema.
Nikamjibu methali hiyo aliitunga mtu asiye na rula.

Tukafika. Jua juu ya mabati
kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Kibokoni, saa sita na nusu, sikukosea hata dakika,
na mlango umefungwa.
Viti vimepinduliwa mezani, miguu juu.
Harufu imetoka nje kutupokea,
zafarani, kitunguu kilichokaangwa hadi kikakauka,
ila mwenye harufu hayupo,
na mtaa mzima, kanzu kwa kanzu,
umeelekea upande mmoja.

Ijumaa.
Niliiandika kwa mkono wangu,
nikaipigia mstari,
nisiione.

Wakesho alikaa barazani, akavua kiatu cha kushoto.
Hakusema kitu.
Wakesho akinyamaza, heri unyeshewe.

Kwenye dirisha la pili kutoka kona
mwanamke alikuwa akigeuza katlesi.
"Mwangojea biriani? Mpaka watoke msikitini.
Hebu tieni kitu tumboni, msije mkaanguka mlangoni kwa watu."
Jina lake, Bi Mwanamkuu, tulilijua kwenye katlesi ya tatu.
Ya nne aliniuliza: "Na hiyo karatasi waishikilia kama hati ya shamba, ni ya nini?"

Akaichukua. Akachomoa kalamu mfukoni mwangu.
"Huyu kafunga, kahamia Malindi kwa mwanawe.
Huyu mofa zake ni za magharibi, asubuhi utakuta majivu.
Viazi vya karai hapa? Nani kakwambia? Nenda Makadara.
Na huyu..."
Akasita. Akampiga mistari miwili.
"Chakula chake kizuri. Ila tuna maneno naye."

Miaka thelathini na moja nilikagua vitabu vya watu.
Sijawahi kukaguliwa namna ile,
kwa vidole vinavyodondosha mafuta,
pilipili ikinichoma mdomo nisiweze kujitetea.
Wakesho alicheka mpaka akavua na kiatu cha kulia.

Biriani tuliila saa nane na robo.
Sitaieleza.
Mwadime alijua kwa nini alifumba macho.

Usiku, chumbani Ganjoni, nikaikunjua ratiba.
Doa la mafuta lilianza Ijumaa,
limetambaa, limevuka mlo wa jioni,
limeingia Jumamosi bila kubisha hodi,
limefika mishkaki ya Mwembe Tayari.
Nikaiinua kwenye taa.
Pale mafuta yalipopita karatasi imekuwa kioo,
na upande wa pili yaonekana
nauli ya kurudi, tarakimu zimegeuka nyuma mbele.

Nikataka kumwonyesha Wakesho.
Amelala chali, macho wazi,
amenawa mara mbili kwa sabuni
na bado ananusa vidole vyake,
kimoja kimoja,
kama anayehesabu.