Vidole vya Somoe

Koplo alikikandamiza kidole gumba kwenye wino,
akakibiringisha polepole, akakinyanyua.
Karatasi ikatoa doa.
Hapana mistari, hapana duara. Doa tu.

"Mama, mikono hii umeifanyia nini?"

Miaka kumi na saba, akajibu Somoe Nampota,
nimebangua korosho.
Utomvu wa ganda unaichuna ngozi,
inaota, unaichuna tena.
Majivu tulipaka. Mafuta ya mnyonyo tulipaka.

Tukajaribu cha shahada, cha kati, cha pete.
Vidole kumi, madoa kumi.

Mimi ndiye niliyemleta Mtwara mjini
kwa basi la saa kumi alfajiri kutoka Newala.
Mimi ndiye niliyeapa: kituoni kwangu
hamshiki mtoto mtu asiyepitia polisi.
Ninao thelathini na mmoja. Msimu wa korosho hufika hamsini,
mama zao wako chini ya mikorosho umande haujakauka.

Wala sikuapa kwa kupenda makaratasi.
Mwaka juzi alikuja kijana na barua ya sifa,
muhuri wa bluu, shati limenyooshwa pasi.
Sikuuliza zaidi. Ningeuliza nini?
Mpaka Zuhura, wa miaka minne,
akakataa kuvua viatu wakati wa kulala.
Nyumbani, kituoni, popote.

Ndipo tukasikia: Nachingwea walimfukuza.
Liwale walimfukuza.
Kimyakimya, kila mahali,
na kila mahali wakamwandikia barua nzuri
ili aende zake.

Basi koplo akaandika: HAZISOMEKI.
Neno hilo halisemi mwema, halisemi mbaya.
Wapo watu wangelinunua kwa magunia.

Wino uliposhindwa, nikaenda kwa miguu.
Nyapara wa kiwanda. Mwenye nyumba wake wa zamani.
Mtalaka wake, Kitangari:
"Mchoyo wa chumvi, ulimi mkali. Lakini watoto wanne kanilelea,
na mmoja si wa tumbo lake."
Mahuta, mwanamke mmoja aliendelea kupepeta choroko
muda mrefu kabla ya kusema: "Sina neno naye."
Ule muda mrefu nilirudi nao. Ninao mpaka leo.

Nimemwajiri.
Kabla hajaanza nilimwita fundi Mtauka
ang'oe bawaba: mlango wa stoo,
wa jikoni, wa chumba cha kulala.
Somoe alitazama, hakuuliza.
Akashika upande wake wa mlango kwa vidole visivyosomeka,
nikashika wangu,
tukautoa nje.

Mchana watoto hulala.
Upepo wa bondeni hupita vyumba vyote bila hodi.
Nami hupita. Yeye huinua macho, hunitazama nikipita,
na anafanya vema,
maana hata mimi nina mikono.

Jana Zuhura alilala na kiatu kimoja.