Somo

Kitangari, mwezi wa kumi. Vumbi la korosho kwenye kibodi.
Msimu ule bado tunalipa dirishani,
foleni imefika kwa muuza chapati,
na mashine ya chama, aliyoikopea katibu,
inahema kama punda anayepandisha maji mlimani.

Nikafungua kumbukumbu nione imebeba nini.
Imebeba "Kitangari" mara elfu arobaini.
Herufi tisa, zimenakiliwa upya
kwa kila stakabadhi, kwa kila gunia,
kana kwamba kijiji huzaliwa kila mtu akipima.

Na swali likija, huyu ni wa wapi,
inashika maneno mawili, moja kila mkono,
inapapasa: M kwa M, k kwa k, o kwa o.
Mkoma Moja na Mkoma Mbili
zinafuatana hatua saba nzima
ndipo ya nane iseme: hapana, si ndugu.
Foleni inasubiri.

Usiku nikaandika upya.
Lugha ninayotumia haina kifutio.
Ukishaumba neno, limeumbwa;
ukitaka jingine, unaumba jingine,
la kwanza linakaa lilivyokaa.
Jembe ukiliazima linarudi na mpini uliopasuka,
lakini neno lisilobadilika
waazime watu elfu, halitarudi na ufa.

Basi daftari likawa moja.
Neno likija mara ya kwanza, linapata kigoda na namba.
Likija tena, haliandikwi:
linaonyeshwa kigoda kile kile, linakwenda zake.
Kulinganisha ni namba kwa namba,
kufumba na kufumbua.
Feni ikanyamaza.
Katibu akaja mbio, akidhani mashine imekufa.

Jumatatu, dirishani.
"Jina?"
"Sijapata."
"Hujapata nini?"
"Ndilo jina langu. Sijapata Likwenya.
Na hela pia sijapata."
Foleni ikacheka. Nami nikacheka,
mpaka nilipotazama kioo:
Sijapata Likwenya, namba mia mbili na kumi na mbili,
gunia kumi na nne,
amelipwa Ijumaa, amesaini.

"Huyo ni somo yangu," akasema. "Mjukuu.
Yeye alileta tatu. Kumi na moja zangu.
Zile nyingine alidhani bei imepanda."

Nilikaa na kosa langu mchana kutwa.
Daftari halikukosea: jina ni moja, kweli,
herufi zake zote ni zile zile,
na kuliandika mara mbili ni kupoteza wino.
Mimi ndiye niliyechukua namba ya jina
nikamvika mtu.

Nikafumua, nikafuma.
Kila mkulima na namba yake mwenyewe,
na ndani yake kidole kidogo
kinachoelekea kigoda.
Vidole viwili, kigoda kimoja.

Alhamisi walikuja wote wawili.
"Sasa umetuandika mara ngapi?" bibi akauliza.
"Jina mara moja. Ninyi mara mbili."
Akafikiri, akisugua utomvu mkavu kwenye kidole gumba.
"Ni sawa. Nilipompa jina
mimi sikubaki bila."

Mjukuu akarudisha hela, zimepungua kidogo,
hakusema kwa nini, wala hakuulizwa.
Nami nikamsomea bibi jumla kwenye kioo,
namba moja tu, safi, ya kuaminika.
Hakuitazama.
Alilowesha kidole, akaegemea ukuta wa ghala,
akaanza kuhesabu noti kwa noti,
na alipofika mwisho
akaanza tena.