Swali la Nne, Alama Sita

Juni, Llanelli. Mvua imeegemea dirisha la jikoni
nami nimeegemea skrini,
nasahihisha swali la nne la watoto mia tatu na kumi
nisiowajua majina. Wanakuja kwa namba,
kila mmoja na ukurasa wake mmoja tu,
kama watu wanaopita mlangoni wakinionyesha kiganja.

Swali lenyewe: kiazi kimekatwakatwa,
kikatumbukizwa katika haidrojeni peroksaidi,
povu likapanda, gesi ikapimwa kila sekunde kumi:
nane, kumi na nne, kumi na nane,
ishirini na nusu, ishirini na moja,
ishirini na moja.
Chora grafu. Kokotoa kasi ya mwanzo.
Eleza kwa nini grafu inalala.

Namba 2208 ameunganisha nukta kwa rula,
kona kwa kona, kama ua wa mabati.
Namba 2231 kasahau vizio kwenye mhimili wa wima;
alama moja imeanguka, hakuna aliyeisikia.
Wengi wamechukua ishirini na moja, wakagawa kwa sitini,
wakaniletea wastani wa safari nzima
ilhali swali liliuliza hatua ya kwanza.

Kasi ya mwanzo haitafutwi hivyo.
Unaiweka rula pale sifuri,
unaiegemeza kwenye mpindo mpaka iuguse bila kuukata,
unashusha pumzi, unachora.
Mstari huo utapanda juu kuliko povu lilivyowahi kupanda:
unaonyesha ingekuwaje
kama mambo yangeendelea vile yalivyoanza.
Sekunde ishirini, ujazo kumi na nane.
Sifuri nukta tisa. Sentimita za ujazo kwa sekunde.
Andika kizio, mwanangu.
Andika kizio.

Saa tano usiku, chai imepoa, akaingia 2316.
Mwandiko umelalia kushoto, tanjiti nyembamba kama unywele,
jibu sawa, kizio sawa. Nikafurahi peke yangu
hata paka akafumbua jicho.
Halafu, kwa nini grafu inalala:
"Kwa sababu kimeng'enya kimechoka."

Mwongozo wa usahihishaji hauna simile katika hili.
Usikubali: kimechoka, kimekufa, kimekwisha.
Kilichokwisha ni peroksaidi.
Kimeng'enya kipo, kizima,
umbo lake lile lile, pango lake li wazi,
kinangoja cha kushika.

Nililijua hilo kabla sijalisoma popote.
Baba yangu, Emrys, kiwanda cha bati kilipofungwa,
aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri,
akafunga kamba za viatu, akaketi ngazini.
Majirani wakasema, Emrys amechoka.
Mikono ile! Ingegeuza mabati elfu kabla ya mchana.
Ilikaa juu ya magoti, vidole vimejikunja kidogo
kwa unene wa kitu ambacho hakikuletwa tena.
Siku moja mama akampa viazi viwili amenye.
Akamenya gunia zima.
Tulikula viazi wiki nzima, hakuna aliyethubutu kucheka.

Nairudia 2316. Naisoma tena, labda nimekosea,
labda pana neno dogo pembeni, limefutwa nusu,
la kuniokoa mimi na yeye.
Hapana. Kimechoka, ameandika, na nukta kaikandamiza.

Natia sifuri kwenye kisanduku.
Hakuna nafasi ya maneno; mfumo unapokea tarakimu tu.
Anaondoka na tano kati ya sita,
na 2317 anaingia,
nukta zake kubwa kama vifungo vya koti.