Kibao cha Sary-Kapka

Kila mwaka, theluji ikishaachia barabara,
naitwa ofisini, napewa kopo la rangi nyeupe,
brashi mbili na karatasi yenye muhuri.
Kibao ni kile kile, pale darajani pa kuingilia mjini,
na kazi ni ile ile: kuwaambia wapitao
sisi ni nani, kwa mistari mitatu.

SARY-KAPKA. Herufi hizi sizigusi.
Aliziandika Mukash, aliyenifunza kazi,
na ile K ya pili imeinama kidogo
kama mtu anayefunga kamba za kiatu.

Mwinuko: mita elfu mbili na arubaini.
Hata hiyo si kweli tena. Mtaalamu mmoja wa matetemeko
alikunywa supu kwetu, akasema milima hii ingali inakua,
milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha.
Nikamuuliza: basi niongeze?
Akacheka hadi chai ikammwagikia.
Mimi sikucheka. Niliuliza kwa sababu ya kazi.

Mengine kibao hakina nafasi nayo:
kwamba Januari mate hudondoka chini kama changarawe;
kwamba kiwanda ni kimoja, cha soksi, na kimefungwa;
kwamba sanamu ya uwanjani ilivunjika kidole
na sasa inatuonyesha njia kwa ngumi.
Mto nao hauhitaji kuandikwa. Unajitangaza.

Idadi ya watu. Hapa ndipo brashi huwa nzito.
Mwaka nilioanza niliandika elfu kumi na nane na ushei.
Leo karatasi inasema elfu kumi na moja, mia tisa na sita.
Naitazama ile sita ya mwisho,
nataka kujua ni akina nani hao.
Burul wangu yumo? Anafagia bohari huko Yekaterinburg,
lakini koti lake jekundu bado liko msumarini
na sufuria yake naipikia.
Na yule mtoto wa Anarkul, aliyezaliwa Jumanne,
muhuri ukiwa umeshakauka?

Husemwa milima haikutani, binadamu hukutana.
Aliyesema hakufika kwetu.
Huku milima hukutana kila siku juu ya mapaa yetu,
asubuhi kwa vivuli, jioni kwa mabega.
Sisi binadamu ndio tunaotafutana kwa simu,
mtandao ukikubali.

Basi nimeiandika ile sita, kama nilivyoagizwa.
Kisha, rangi ikiwa bado mbichi,
nimeukunja mkia wake wa juu, nikaufunga,
ikawa nane.

Watu wawili tu. Serikali haitafilisika.

Nimepangusa brashi kwenye majani,
nikarudi nyuma hatua kumi nitazame.
Gari la maziwa likapita, dereva akapiga honi,
akavuka daraja bila kusoma.